Njiti ya Kiberiti

Mzinga wa tatu, ule chini ya msesewe,
niliufungua saa nne, jua limeshapasha bati.
Harufu ilinitangulia: gundi ya seremala
iliyosahaulika kwenye kopo tangu masika.

Vifuniko vya majana vilikuwa vimedidimia,
vina matundu, kama uso wa mtu aliyeponea ndui.
Nikatoa njiti ya kiberiti,
nikachokoa kwa upande usio na baruti,
nikavuta polepole.
Uzi ukaja. Wa kahawia, unateleza kama mlenda.
Ukaja urefu wa ukucha, ukaja urefu wa pingili ya kidole,
haukukatika.
Nikajua.

Filiberti wa duka la pembejeo, kule Moshi mjini,
alishanipimia unga wa njano kwenye karatasi:
“Changanya na sukari tu, mama. Wiki mbili wamepona.”
Kijana mzuri. Chenji yake haipungui.
Lakini mimi nimekesha wodini miaka ishirini na tisa.
Nimeona vidonge vikichoka.
Nimeona kidonda kikiicheka sindano,
na daktari akiinua macho kutafuta dirisha.
Unga ule hauui mbegu ya ugonjwa, unaibembeleza ilale.
Ukikoma unga, inaamka, imeshapumzika.
Na asali hiyo niiweke kwenye uji wa mjukuu gani?

Nikamrudishia karatasi yake.
Nikanunua magadi, kilo mbili, na mafuta ya taa.

Usiku, nyuki wote wakiwa wamerudi,
Gaudensi alishika tochi, kioo tumekifunika kwa karatasi nyekundu
maana nyekundu nyuki haioni.
Tukawakung'utia kwenye sanduku jipya,
fremu tupu, bila tone la asali ya zamani.
Walichobeba tumboni kiishie kwenye kujenga nta,
kisimkute mtoto wa kulishwa.
Malkia nilimbana kwa kidole gumba.
Hilo sitalieleza zaidi.

Shimo lilikuwa la goti na nusu, mbali na mfongo.
Masega yakaingia, kumi, na asali yake, na watoto wake.
Nikawasha kwa njiti ileile.
Nta ililia kama mafuta ya nyama,
na Uru nzima ikanukia kama Krismasi.
Gaudensi akauliza kama wanaumia.
Nikamwambia, hao walishakufa. Wengine sikumwambia.

Sanduku la zamani nililichoma kwa ndani
mpaka mbao zikawa rangi ya kahawa iliyokaangwa.
Visu, glavu, patasi: sufuriani, kwenye magadi yanayochemka.

Ndipo Kandidi akachungulia juu ya masale.
“Shemeji, unachoma pesa?”
“Nachoma ugonjwa. Na yako tuifungue kesho.”
“Yangu ni mizima.”
“Nyuki wako wamekuwa wakiniibia hapa wiki nzima.
Masale ni mpaka wa watu, wao hawaujui.”
Akaondoka bila kuaga.
Siku tisa, hata chumvi hakutuma mtoto kuomba.

Mzinga wa kwanza una nyuki wakali, wachoyo, wasafi:
jana akiugua asubuhi, jioni wameshamtoa mlangoni.
Kwao nilichukua kikombe cha malkia
nikakipachika kwa wale mayatima.
Sikuomba zaidi ya hapo. Nilingoja.

Leo ni siku ya arobaini.
Majana ni weupe, wamejikunja kama mwezi wa siku mbili.
Kimoja kilinitia shaka, nikakichokoa.
Maji maji tu. Hakuna uzi.
Nikachokoa cha pili, kwa ubishi wa uuguzi.
Hakuna.

Nilipoinuka, mgongo unalia, Kandidi yuko kwenye uwazi wa masale.
Amevaa koti la mvua na chandarua kichwani,
na mkononi ana kiberiti kipya, hakijafunguliwa.
Hakusema habari za asubuhi.
“Ile ya karibu na choo,” alisema.
“Inanuka gundi.”